Kodi ya Waya wa Jirani

Ukifungua sanduku la umeme la jirani yetu, mjomba Gerard, utaona nyaya mbili nene zinatoka sehemu moja. Mmoja unapanda, unapita darini mpaka kwenye paneli za sola. Wa pili unashuka, unatoboa ukuta, unatokea nje kwenye chaja ya gari lake. Zote mbili alizivuta baba yangu, asubuhi moja, kwa bisibisi moja. Ule unaopanda, serikali inasema kodi yake ni sifuri. Ule unaoshuka, kodi yake ni asilimia ishirini na moja.

Hilo peke yake nisingelikasirikia. Sheria ni sheria, na mimi si mbunge. Nilichokasirikia ni nani aliyetakiwa ailipe.

Baba anaitwa Bennie Lansink. Ni fundi umeme, hana mfanyakazi, ana gari moja jeupe la kazi lenye jina lake ubavuni. Tunakaa nje kidogo ya kijiji, nyumba chache zimetawanyika katikati ya mashamba ya mahindi, na huku Twente, mashariki mwa Uholanzi, mkikaa hivyo hamuwi majirani wa kusalimiana tu. Mnakuwa na wajibu. Mtoto akizaliwa, jirani wa kwanza ndiye anayepeleka habari nyumba hadi nyumba. Mtu akifa, jirani wa kwanza anashika jeneza mbele. Mume na mke wakitimiza miaka ishirini na tano ya ndoa, jirani wa kwanza anawapambia mlango. Hakuna anayechaguliwa. Ni nyumba iliyo karibu na yako, basi. Jirani wa kwanza wa Gerard na mkewe Annet ni sisi.

Serikali ilipofuta kodi kwenye paneli za nyumbani, mtaa mzima ukazitaka kwa pamoja. Kampuni moja ya mjini ikaja ikazipanga juu ya mapaa, ikasema mambo ya sanduku la umeme kila mtu atafute fundi wake. Fundi wa mtaa ni baba. Wiki ile tulikuwa tunamwona mezani tu, ana vumbi la dari kwenye nyusi.

Kwa Gerard nilikwenda kumpelekea baba mkate wake wa mchana, ndiyo maana nilisikia. Gerard anauza mashine za kukamulia ng'ombe. Anaongea kama anauza hata akiwa ameshika kikombe cha kahawa.

"Bennie, ndugu yangu, umeshalifungua hilo sanduku. Nivutie na waya wa chaja basi."

"Naweza," baba akasema. "Ila huo si wa sola."

"Gari si linakula jua?"

"Linakula umeme, Gerard."

"Na umeme si unatoka kwenye jua? Andika yote sola, iwe sifuri. Serikali imetusamehe, wewe nani usitusamehe?"

Baba akacheka. Ni mtu wa kucheka kwanza halafu kufikiri baadaye njiani. Akavuta waya.

Sasa hapa lazima niseme kuhusu bili zetu, maana kosa liko hapa. Jirani haandikiwi bili ya vipande vipande. Soketi hii kiasi hiki, skrubu hizi kiasi kile, hapana. Ni kama kumhesabia mgeni nyama kwenye sahani. Unaandika mstari mmoja, jumla isiyo na senti, mnakunywa kahawa, yameisha. Mgeni kutoka mjini anaweza kupewa bili ndefu. Jirani anapewa mstari.

Kwa hiyo baba akaandika mstari. "Kazi ya umeme ya paneli, kodi sifuri, bei ni pamoja na kodi." Akampa Gerard. Akampa Bibi Dinie, mjane wa nyumba yenye madirisha ya kijani, ambaye alitaka na waya wa jiko la umeme kwa sababu amechoka na gesi. Akampa Herman, ambaye alikuwa anajenga sauna nyuma ya zizi na akasema waya wake si mrefu. Kila mtu mstari mmoja. Kila mtu sifuri.

Mwaka uliofuata akaja mama mmoja wa ofisi ya kodi, Bi. Terpstra. Mfupi, mpole, ana begi la mgongoni kama la kwetu shuleni. Alikaa mezani kwetu, akakubali kahawa na biskuti moja, akazipanga bili za baba mbele yake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza na hesabu zangu za shule, ambazo hazikuwa zinakwenda popote.

"Bwana Lansink, mtaa mzima sifuri," akasema. "Kazi zote hizi zilikuwa za paneli?"

Mama alikuwa anaosha vyombo. Akafunga bomba.

Angeweza kusema ndiyo. Nyaya ziko ndani ya kuta. Nani atabomoa ukuta wa Bibi Dinie kutafuta waya wa jiko?

"Nyingi," baba akasema.

"Nyingi siyo zote."

"Kuna jiko. Kuna chaja ya gari. Kuna sauna. Kwingine kuna vitu vidogo vidogo, taa za bustani."

Bi. Terpstra akatikisa kichwa taratibu. "Kubadilisha sanduku ili lipokee paneli, swichi ya paneli, waya wa kwenda juu, hiyo ni sifuri, umefanya sawa. Lakini jiko halikai juu ya paa."

"Sanduku ni lile lile," mama akasema bila kugeuka. "Mkono ule ule."

"Najua, mama."

"Na angekwambia yote ni paneli, ungejuaje?"

"Nisingejua," akasema Bi. Terpstra. "Ndiyo maana nauliza kabla ya kuandika. Na kwa kuwa amesema mwenyewe, faini sitaiweka."

Akaeleza. Baba azitenganishe zile bili, kilicho cha paneli kando, kisicho cha paneli kando, na hicho kisicho cha paneli akilipie kodi yake. Wateja wakitaka kumrudishia, vizuri. Wasipotaka, ofisi inamdai aliyeandika bili, haimdai anayepikia jiko.

Alipoondoka, baba alikaa akiiangalia ile biskuti aliyoibakiza mgeni. Ukijumlisha mtaa mzima haikuwa hela ya mchezo, na sisi hatukuwa nayo. Ya Gerard peke yake ilikuwa karibu nusu, maana chaja yake ni ile kubwa na waya ulizunguka nyumba nzima ili usionekane. Kitu cha kuuza tulichokuwa nacho ni gari. Fundi umeme asiye na gari ni mtu mwenye bisibisi mfukoni. Ingebidi aende kuomba kazi kwa ile kampuni ya mjini, apande mapaa ya watu na mgongo ule aliokwisha kufanyiwa upasuaji.

"Waambie wakulipe," mama akasema. "Kila mtu alipie chake."

"Nitamwambia Gerard kwanza. Gerard akilipa, wengine watafuata."

"Na asipolipa?"

"Hermien, ni jirani," baba akamwambia.

Wala hakuhitaji kwenda. Gerard alikuja mwenyewe kesho yake, jioni, kuhusu sherehe. Yeye na Annet walikuwa wanatimiza ishirini na tano, na sisi ndio tulikuwa na kazi ya kutengeneza tao, lile la matawi ya misonobari na mawaridi ya karatasi ambalo linawekwa kuzunguka mlango. Wenye sherehe hawatakiwi kuuliza kuhusu tao. Gerard aliuliza.

"Lisiguse bomba la mvua tu, Bennie. Mnakumbuka la kina Herman? Mpaka leo maji yanamwagikia kwenye viatu vya mgeni."

Baba akamwekea kahawa, akamwambia. Alimwambia vizuri, mimi nilikuwepo. Hakumlaumu. Alisema ofisi imekuja, waya wa chaja unatozwa ishirini na moja, ingesaidia kama Gerard angelipia huo mmoja.

Gerard akakoroga kahawa yake muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

"Bei si ulinipa wewe?"

"Nilikupa."

"Na uliandika pamoja na kodi."

"Niliandika sifuri kwa sababu ulisema niandike sola."

"Fundi nani, mimi au wewe?" Hakuwa amekasirika, hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anatabasamu. "Mimi nauza mashine za kukamulia. Nikimpigia mkulima baada ya mwaka, nikamwambia rafiki, niliandika vibaya, niongezee, atacheka mpaka ng'ombe wake waache maziwa. Bei ni bei, Bennie. Kodi ni yako."

Baba akafungua mdomo.

"Kwa hiyo mawaridi," Gerard akaendelea, hapo hapo, bila hata kumeza. "Meupe na ya fedha, siyo? Annet anapenda fedha. Msiweke ya bluu, bluu ni ya watoto."

Akachukua biskuti ya kula njiani. Njia yenyewe ni kukata uwanja tu.

Mimi siongei. Kila mtu mtaani anajua. Huwa nasema ndiyo, hapana, na asante, na siku nyingine hata ndiyo ninaipunguza iwe kichwa tu. Lakini nilikuwa nimekaa pale na kifua kimejaa kama chupa ya soda iliyotikiswa. Nilimsubiri mama aseme. Mama naye alikuwa anamsubiri baba.

"Na tao utampambia?" mama akauliza mwishowe.

"Tao ni la mtaa."

"Mtaa upi, ule ule unaokula umeme wa sifuri?"

"Na ni la Annet pia. Annet hajafanya kitu."

"Hapana, Annet hajafanya kitu," mama akasema. "Huku hakuna aliyefanya kitu. Ila gari ndilo linauzwa."

Na kweli baba akalitangaza. Alilipiga picha mbele ya ghala, akaliweka kwenye mtandao. Aliziba jina lake kwa kidole gumba kwenye picha, sijui kwa nini, kwa sababu kila mtu hapa analijua gari lile kuliko anavyomjua mwenyewe.

Jioni za kutengeneza mawaridi zilikuwa kwenye banda letu. Wanawake na wanaume wote wanakuja, maana karatasi inakunjwa na mkono wowote. Unachukua kipande cha karatasi laini, unakizungusha kwenye penseli, unakisukuma pande mbili kijikunje, unakivua, unafunga chini na waya mwembamba. Mawaridi ya Bibi Dinie yanaonekana yanaweza kunukia. Ya Herman yanafanana na kabichi, na kila mwaka tunayaweka upande wa nyuma. Kahawa kwanza, halafu bia, halafu soseji kavu inazungushwa na kisu chake.

Herman akishakunywa bia moja huwa anahitaji mtu wa kumtania. Siku ile akamwona baba.

"Angalieni, Bwana Sifuri mwenyewe amekuja kazini."

Wakacheka.

"Eti serikali imemtuma mtaani atugawie umeme bure. Mke wangu anauliza kama anaweza kututolea na kodi kwenye nyama."

"Muulize na bia," mwingine akasema.

Baba naye akacheka. Yaani alicheka nao. Akaweka waridi lake kwenye ndoo, akachukua karatasi nyingine, akacheka.

"Baba anauza gari," nikasema.

Sikusema kwa sauti. Lakini kwa kuwa ni mimi, mikono yote ikasimama kwenye karatasi.

"Gari gani?" Herman akauliza.

"La kazi. Ili alipe kodi ya sauna yako."

"Jente," baba akasema. "Inatosha."

"Haitoshi," Bibi Dinie akasema. Aliweka chini waridi lake bila kulifunga, likafunguka lote. "Endelea, mwanangu. Kodi ya sauna imefanyaje?"

Nikaendelea. Sijui nilivyoendelea. Nilikuwa naangalia ndoo ya mawaridi, nikaiambia ile ndoo. Nikasema waya wa kwenda kwenye paneli ni sifuri, wa kwenda kwenye sauna siyo sifuri, wa jiko siyo sifuri, taa za bustani siyo sifuri. Nikasema ofisi imekuja. Nikasema baba anawalipia wote kwa sababu aliwaandikia mstari mmoja kama majirani.

"Sauna ilikuwa sifuri," Herman akasema. "Gerard alisema mkifanya siku moja, yote yanaingia humo humo."

"Mjomba Gerard siyo ofisi ya kodi."

"Na jiko langu?" Bibi Dinie akauliza.

"Na jiko lako, bibi."

Alifuta mikono yake kwenye aproni, ingawa karatasi haichafui. "Bennie. Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Jirani hadai mara mbili, Dinie."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Baba yangu."

"Baba yako alikuwa anadai mpaka mayai. Mimi nimeishi naye jirani, wewe ulikuwa unanyonya." Watu wakataka kucheka, wakaacha. "Mume wangu alipofariki ulishika jeneza mbele, na mvua ile. Sasa unataka mimi nichemshe supu kila siku kwenye jiko ambalo umelilipia wewe, na wewe utembee kwa miguu? Hiyo ndiyo adabu? Hicho ni kiburi kimevaa viatu vya adabu."

Baba akawa mwekundu mpaka shingoni. Mimi pia. Sikutaka aambiwe hivyo. Nilitaka waambiwe wao.

Herman alikuwa anaizungusha penseli vidoleni. "Na mimi niseme basi," akasema. "Nilijua. Mtu yeyote anajua sauna siyo sola. Nilidhani serikali ndiyo inayopoteza."

"Serikali haijawahi kupoteza kitu," mama akasema. "Ikidondosha, kuna mtu mdogo chini anaidakia."

Hapo wakaanza kuongea wote. Mmoja alisema taa zake za bustani ni ndogo sana. Mwenzake akamwambia basi na kodi yake itakuwa ndogo sana, alipe. Mmoja akauliza kwa nini wao walipe wakati kampuni ya mjini iliwaambia sifuri mlango kwa mlango. Herman akamjibu kwamba kampuni iliuza paneli, haikuuza sauna. Alisema kwa hasira, kama vile ni mtu mwingine aliyekuwa anatetea sauna dakika chache kabla. Mwisho wakakubaliana baba awaandikie upya, kila waya mstari wake, na kila mtu alipe chake. Waliokubali kwa moyo walikuwa wachache. Waliokubali kwa aibu walikuwa wengi, lakini hela ya aibu inapokelewa.

Ikabaki ya Gerard. Hela ya Gerard ndiyo ilikuwa gari lenyewe.

"Gerard niachieni mimi," Bibi Dinie akasema.

"Hapana," baba akasema. "Nitaongea naye mwenyewe."

"Ulishaongea naye."

"Sijamaliza."

Tao tulilipeleka siku moja kabla ya sherehe, jua likiwa bado juu ya mahindi. Lililazwa kwenye tela la trekta, wanaume wanalishika pembeni lisiyumbe, na sisi tunafuata tunaimba ule upuuzi unaoimbwa. Mimi nilikuwa nachezesha midomo tu. Lilikuwa zuri. Linaniudhi lilivyokuwa zuri. Meupe na fedha, bila bluu hata moja, na kabichi za Herman kwa nyuma.

Baba ndiye aliyepanda ngazi. Alilifunga juu, akalifunga kushoto na kulia, akapitisha taa ndogo ndani ya matawi, akaziwasha. Halikugusa bomba la mvua. Alifanya kazi ile kama anamfanyia mtu anayempenda, na mimi nikiwa chini nimeshika ngazi nilitamani iteleze kidogo tu, siyo baba aanguke, tao.

Gerard na Annet wakatoka. Annet anafanya kazi ya kuwatembelea wazee majumbani, kuwaogesha na kuwavalisha soksi zile za kubana. Aliangalia juu, akaweka mkono mdomoni. Gerard alikuwa na trei ya vikombe vidogo vya pombe kali.

"Majirani," akasema. "Mtu anaweza kununua nyumba popote. Majirani kama hawa hanunui."

"Ni kweli, hujanunua," Bibi Dinie akasema, na Gerard akacheka kwa sababu hakuelewa.

Kikombe cha kwanza ni cha jirani wa kwanza. Anakinyanyua, anawatakia heri wenye nyumba, ndipo wengine wanakunywa. Gerard akamsogezea baba trei.

Baba hakuchukua. Alikuwa bado ana koleo mkononi.

"Annet," akasema. "Hongera. Ishirini na tano si mchezo. Nakutakia nyingine kama hizo." Halafu akamgeukia Gerard. "Tao ni la mtaa, na limekwisha, liko imara. Kuanzia kesho tafuteni jirani wa kwanza mwingine. Herman yuko mbali kidogo lakini ana miguu."

Hapa kwetu hilo halisemwi. Nimesikia limewahi kusemwa mara moja, zamani, kuhusu mpaka wa shamba, na watoto wa nyumba hizo mpaka leo wanakaa safu tofauti kanisani.

Gerard alibaki na trei hewani. "Bennie, usinifanye nicheke. Kwa asilimia ishirini na moja?"

"Asilimia ningekusamehe. Ungesema huna, ningekusamehe. Ulikaa jikoni kwangu ukaniambia kodi ni yangu, halafu kabla sijajibu ukaniagiza maua."

"Kodi gani?" Annet akauliza.

Herman aliangalia viatu vyake.

"Gerard, kodi gani?"

"Mambo ya mafundi," Gerard akasema. "Tutaongea ndani."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshatumia maneno ya mwaka mzima kule bandani. Lakini "mambo ya mafundi" ile, alivyoisema, kama vile baba ni kitu kinachokuja na sanduku la vifaa.

"Ya waya wa chaja ya gari lenu, shangazi," nikasema. "Alimwambia baba auandike kama sola. Sasa ofisi inamdai baba, na mjomba amekataa kulipa. Wengine wote wamelipa. Gari la baba liko kwenye mtandao."

Annet aliniangalia, halafu akamwangalia mumewe, halafu akaangalia juu kwenye yale mawaridi, kama anayahesabu.

Baba akakunja ngazi. Mama akachukua upande wa pili. Tukaondoka. Nyuma yetu nilimsikia Bibi Dinie akirudisha kikombe kwenye trei, kikagonga. Wengine wakarudisha. Herman aliinua chake, akakinywa, ndipo akakirudisha. Yeye kiu yake haina msimamo.

Kwenye sherehe hatukwenda. Tulisikia muziki kupitia mahindi, na uliisha mapema. Mama alipika njegere na nyama. Hakuna aliyesifu wala aliyelalamika.

Asubuhi yake, Jumapili, baada ya kanisa, kengele ya mlango wa mbele ikalia. Tukaangaliana. Huku majirani wanaingia kwa mlango wa nyuma, hawabishi hodi, wanaita tu kutoka kwenye kizingiti. Kengele ya mbele wanaipiga mchungaji, polisi na wauza madirisha. Mama akasema nenda wewe. Nikaenda.

Alikuwa Annet. Amevaa koti zuri na viatu vya kanisani, ameshika bahasha kwa mikono miwili.

"Bennie yupo?"

"Yupo."

"Nimeleta ile ya chaja. Nimepiga hesabu mwenyewe, aangalie kama ni sawa."

Sikuipokea. "Yeye yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Ni yeye aliyetakiwa kuileta."

"Najua, Jente." Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa ya kazini, ile anayowaambia wazee wanyanyue mguu. "Anasema bei ni bei. Hii ni ya kwangu, ya mshahara wangu. Baba yako asiuze gari."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Yule wa ofisi ya kodi atapata yake, maana ofisi haiulizi hela imetoka mfuko wa nani. Baba atalitoa gari kwenye mtandao, na kesho atakwenda kazini. Na Gerard amekaa nyumbani kwake chini ya tao letu, gari lake linakunywa jua, na kodi yake kwa mara ya pili analipiwa na mtu mwingine. Mara ya kwanza fundi, mara ya pili mke. Nilitaka kumwambia Annet airudishe ile bahasha, amwekee mezani, asimpikie mpaka ailete mwenyewe. Lakini nyuma yangu, jikoni, nilimsikia baba anasogeza kiti, anasimama polepole na ule mgongo wake.

Annet alikuwa bado amesimama kwenye zulia la wageni, anajifuta viatu ambavyo havikuwa na tope.

"Hapa siyo pako," nikamwambia. "Zunguka nyuma, shangazi. Mlango uko wazi, mama ana kahawa. Mjomba Gerard akitaka kuja, mwambie yeye apige kengele hii. Inafanya kazi."